Jiko la Chumba cha Uzazi

Kalunde mwanangu,

Uko chumba cha pili, nasikia unavyombembeleza Eliya, na bado nimeona bora nikuandikie. Tukianza kuongea tutagombana. Tumegombana tangu ulipotoka hospitali na huyo mtoto, na sehemu kubwa ya ugomvi nimeianzisha mimi. Kwa kalamu angalau huwezi kunikatiza, utanisikiliza mpaka mwisho kwa mara ya kwanza tangu uote meno.

Sitaandika habari za nepi wala namna ya kumpakata mtoto kwenye basi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utampigia simu nesi wako, ambaye siku hizi amekuwa mama yako wa pili. Unaona? Nimeshaanza. Ngoja nishushe pumzi.

Kesho unakwenda Njombe kwa mume wako. Nafurahi kwa ajili yako na naumia kwa ajili yangu, na hilo ni la mama yeyote. Lakini kuna jambo jingine linaloninyima raha, na lazima ulijue kabla hujapanda basi. Nilimpigia simu mama mkwe wako kwa siri. Nilimwambia hivi: "Mzazi mwenzangu, akifika huko usimsikilize. Mfungie chumba vizuri, na akishalala mwingizie jiko la mkaa, mtoto apate joto." Naye akakubali kwa moyo mmoja. Tulicheka pamoja, tukasema watoto wa siku hizi wanadhani walilelewa na vitabu.

Sasa naogopa. Naogopa kiasi kwamba leo nimeunguza vitumbua sufuria nzima, wateja wakaniuliza kama naumwa. Nikueleze nilifikaje hapo, ili ukishajua usije ukadhani ni maneno tu ya mama anayelia kwa sababu binti anaondoka.

Unakumbuka siku ulipoletwa nyumbani kutoka hospitali. Nilikuwa nimekuandalia chumba kama mama yangu alivyoniandalia mimi. Kitanda nimekisogeza ukutani, dirisha nimelifunika kwa blanketi, maji ya kukukanda yanachemka uani, uji wa pilipili manga uko kwenye chupa, na jiko la mkaa limekolea, jekundu, halina hata uzi wa moshi. Ukasimama mlangoni ukaliona. Hukusema shikamoo, hukusema asante.

"Mama, hilo litoke."

"Litoke liende wapi? Mzazi anakaa na moto. Unataka baridi ikuingie tumboni?"

"Nesi ametukataza. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua."

"Unamuua nani? Wewe umelelewa na moto huo huo. Umekufa?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu miaka yote, na ilikuwa haijawahi kunishinda. Nimeitumia kliniki, nimeitumia kwenye mikutano ya akina mama kanisani, nimeitumia kwa kila jirani hapa Ng'ambo aliyepata mtoto. Watoto wangu wanne wamekua kwa jiko, hawa hapa, wanakula na kusaza. Wewe ukalibeba jiko kwa kitambaa, na mshono wako mbichi, ukalitoa uani. Nilikuona na sikukusaidia.

Sitaki udhani mama yako ni mjinga tu. Mimi nimekulia motoni. Kule Puge jioni babu yako na wavulana waliota shikome, ule moto wa uani, na mambo yote ya wanaume yalisemwa hapo. Sisi wasichana tulikuwa kwenye mafiga, macho yanachuruzika, tunacheka. Chochote ninachokijua, kuanzia kusonga ugali mpaka kusalimu wakwe, nilifundishwa mbele ya moto. Na kila aliyekuja kutuonya juu ya moto alikuja na gari, akakaa kidogo, akaondoka.

Kuna mmoja simsahau. Mimi na baba yako tulikuwa tunalima tumbaku upande wa Sikonge, wewe hujazaliwa. Akaja kijana, amevaa vizuri, akatukusanya akina mama, akasema moshi wa mafiga unaharibu kifua. Nikanyoosha mkono nikamuuliza: na moshi wa bani je? Maana wakati huo baba yako alikuwa anashinda na kulala kwenye bani, anachochea magogo ili majani ya tumbaku yakauke, na watu wa kutuhimiza tulime zaidi walikuwa wanakuja na gari kama lile lile. Kijana akajibu kwamba habari za bani hazikuwa somo la siku hiyo. Tulicheka mpaka mkutano ukaisha wenyewe. Baba yako kikohozi cha bani anacho mpaka leo, na unajua anavyosema, kama moshi unaua basi yeye ni mzimu.

Halafu kuna yule binti wa kliniki, nilipokuwa na mimba ya mdogo wako wa mwisho. Alitupanga kwenye benchi, anatafuna bigijii, akatuambia, "Nyie akina mama wa huku mnapenda sana kuua watoto kwa mila zenu." Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi niliinuka nikaondoka, na kadi yangu nikaiacha mezani. Tangu hapo nesi yeyote akifungua mdomo mimi nasikia neno hilo moja, kuua, hata kama anaongea habari za mchicha.

Hukuwahi kujua kwa nini neno lile lilinichoma mimi kuliko wale wengine.

Unajua kwamba ulikuwa na kaka aliyewatangulia. Jina lake unalijua, Mihayo. Unajua alikufa mchanga, na nimekuambia siku zote kwamba alipigwa na baridi. Zaidi ya hapo sikusema, na wewe, kwa heshima yako, hukuuliza.

Mimba ya kwanza nilikwenda kujifungulia kwa mama yangu, kama desturi. Babu yako alikuwa ametoka kumaliza nyumba mpya. Ilikuwa nyumba ya kuonyesha watu: matofali ya kuchoma, bati, ukuta umepigwa plasta, milango ya mbao inayofunga barabara. Bibi yako alinipa chumba cha ndani kabisa, kile kizuri kuliko vyote. Ilikuwa kipupwe, baridi ya asubuhi kule Puge unaijua. Dirisha akalikaza kwa gunia. Chini ya mlango akapitisha kanga kuukuu ili upepo usipate pa kupenya. Jiko aliliwashia nje, akalipepea, akakaa nalo mpaka moshi wote ukaisha, ndipo akaniletea na kuliweka karibu na kitanda. Hakuwa mzembe, Kalunde. Hakuna mwanamke aliyewahi kunitunza kama alivyonitunza yeye wiki ile.

Asubuhi moja alikwenda kisimani. Nilikuwa nimelala na mtoto ubavuni. Kichwa kikaanza kunigonga hapa kwenye paji, kama mtu anatwanga ndani yake. Nikasikia kichefuchefu. Nikajiambia ni mambo ya uzazi, mama alishaniambia damu mbaya ikitoka mwili unasumbuka. Nikamtazama Mihayo, alikuwa ametulia mno. Nilimshukuru Mungu kwamba amelala. Kisha miguu ikawa si yangu. Nikataka kumbeba nikaona nitamwangusha, nikasema ngoja nipate hewa kidogo tu nirudi. Nikatambaa, nikaivuta ile kanga, nikafungua mlango, nikapita ukumbini nikafungua na ule wa nje. Sikumbuki zaidi.

Mama yangu alirudi na ndoo akanikuta nimelala kizingitini, nusu ndani nusu nje, na milango yote iko wazi. Upepo unapita moja kwa moja mpaka kitandani. Aliniruka akaenda kwa mtoto. Kelele aliyopiga nimeisikia kila kipupwe tangu siku hiyo.

Wanawake walikuja, wakaona, na jibu likapatikana kabla hata ya maziko. Mzazi alifungua mlango. Baridi ikamkuta mtoto amelala. Hakuna aliyenitukana. Waliniambia pole, wewe ni mdogo, hukujua, utapata wengine. Baba yako alitoka Sikonge kwa baiskeli, ananuka moshi wa bani, akakaa nami chini. Nilimwambia mwenyewe: "Ni mimi. Nilifungua mlango." Naye akasema, "Basi," na hatujalizungumza tena.

Sasa unaweza kuelewa nilivyokuwa nilipokuzaa wewe. Nilikuwa na wazimu wa joto. Sikutaka hata mtu apite na upepo wa nguo yake. Bibi yako alikuja Sikonge kunitunza, akaweka kigoda chake mlangoni na kukaa hapo, na hakusema ni kwa nini, na mimi sikuuliza kwa sababu nilijua. Alikuwa ananilinda nisije nikafungua tena. Ukapona. Ukanenepa. Kila siku uliyoongezeka ilikuwa ushahidi kwangu kwamba safari hii nimefanya sawasawa, na kwamba ile ya kwanza ni mkono wangu. Kwa hiyo mtu akiniambia jiko ni baya, alikuwa anagusa kitu ambacho nilikijenga juu ya kaburi la mtoto. Ningemwaminije?

Halafu wewe, siku ile ya ugomvi wetu wa pili, nilipokurudishia jiko chumbani ukiwa umeenda kuoga. Ulirudi na kanga imelowa, ukanitazama, ukasema taratibu, kama mtu aliyekwisha kuliunganisha peke yake, "Mama, kaka yangu hakufa kwa baridi."

Nilitoka nikaenda kukaa jikoni, na tangu hapo ulidhani nimekununia. Sikuwa nimekununia. Nilikuwa nakuchukia kidogo, niseme ukweli, kama mtu anavyomchukia anayemshika kidonda. Na ndipo nilipompigia Mama Tumaini, mkweo, ile simu, kwa hasira. Nilitaka wanawake wazima tuwe wengi kuliko wewe.

Kisha nikafanya kitu cha kipumbavu zaidi. Unakumbuka siku uliyompeleka Eliya chanjo, na baba yako alikuwa Gongoni kutengenezesha redio yake? Nilibaki peke yangu. Nikasema leo nitamwonyesha huyu Kalunde. Nikawasha jiko uani, nikalipepea mpaka likawa safi, nikaliingiza chumbani kwangu. Nikafunga mlango, nikafunga dirisha jipya lile la vioo ambalo mdogo wako alituwekea, nikajilaza mchana kweupe. Nilipanga urudi unikute nimelala usingizi mnono, nikuulize: haya, nimekufa?

Kichwa kikaanza kunigonga kwenye paji.

Kalunde, nimeshaumwa vichwa vingi maishani. Vya malaria, vya presha, vya deni, vya baba yako. Hiki kilikuwa kile. Kile cha Puge, mahali pale pale, utwangaji ule ule, na kichefuchefu nyuma yake. Nikainuka, miguu ikakataa. Nikatambaa. Nikiwa nimeshika kitasa nilijiona niko chumba kile cha ndani, na kanga iko chini ya mlango, nikageuka kutafuta mtoto kitandani kwangu. Sijui nilifunguaje.

Ulinikuta nimekaa barazani nimejitapikia, nikakwambia ni dagaa. Ukanipa maji ya sukari na chumvi, ukanigombeza kuhusu dagaa za kulala. Nilikuacha unigombeze, maana nilikuwa nawaza jambo moja tu, na bado ninaliwaza hata sasa ninapoandika.

Kichwa kiliniuma kabla sijafungua mlango.

Miaka yote hii nimelijua hilo. Ningekuwa nasimulia habari ya mtu mwingine ningeliona mara moja. Nilikwenda mlangoni kwa sababu nilikuwa tayari naumwa, na mtoto alikuwa ametulia mno wakati mlango bado umefungwa. Lakini nilikuwa nimeshapewa jibu, na jibu lilinipa mimi kosa, na mtu aliyefiwa akipewa kosa hulishika, kwa sababu lina afadhali kuliko kukaa bila sababu yoyote.

Nililia siku ile bila wewe kuniona. Kwanza nililia kwa furaha, Mungu anisamehe. Mlango haukumuua. Mimi sikumuua mwanangu. Nilijisikia mwepesi, nikaanza hata kufagia uani. Nikiwa nimeshika ufagio ndipo nikakumbuka ni nani aliyewasha jiko lile, na ni nani aliyelikaza dirisha kwa gunia. Nikakaa chini tena.

Nimefikiri sana kuhusu mama yangu tangu siku hiyo. Alifanya vile alivyofanyiwa na mama yake, kama huyo naye alivyofanyiwa na mama yake. Lakini wao walizalia kwenye nyumba za nyasi. Nyumba zile zinapumua, ukilala chali unaona mwanga unapita. Hata wewe ulilelewa na jiko kwenye kibanda cha tumbaku cha Sikonge, upepo unaingia utakavyo, na kigoda cha bibi yako mlangoni hakikuzuia chochote. Ndiyo maana ulipona. Moto ulikuwa ule ule, nyumba ndiyo ilikuwa imebadilika, na babu yako alijivunia plasta ile mpaka anaingia kaburini. Nani alikuja Puge kutuambia hivyo? Hakuna. Walikuja kutuambia tunapenda kuua watoto.

Sitaki uelewe kwamba nimegeuka. Kuhusu wanja kwenye macho ya mtoto tutabishana mpaka mmoja wetu achoke, na maharage ya gesi hayatakuwa na ladha hata daktari aje kuyaonja. Yule binti wa bigijii nikikutana naye leo bado nitamwambia hana adabu. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukosa adabu na bado akawa anasema kweli, na mtu anaweza kukupenda kupita wote na bado asijue anachokufanyia. Mimi nilipima maneno kwa mdomo ulioyatoa. Uwe unapima maneno yenyewe, hata yangu.

Basi, habari ya Njombe. Nilimpigia tena mama mkwe wako kutengua nilichokifunga. Nikamwambia, mzazi mwenzangu, lile la jiko tuliache, nimesikia ni hatari.

Alicheka sana. "Mama Kalunde! Wewe si ndiye uliniambia umewalea wanne kwa jiko? Na wewe manesi wamekupata?"

Maneno yangu mwenyewe. Ningemjibu nini? Nimhadithie habari za Mihayo kwenye simu, mwanamke niliyekutana naye siku ya harusi tu? Nilijaribu kumwambia kuhusu hewa ya sumu ya mkaa isiyo na harufu, vile ulivyonieleza wewe, akaniambia huku kwao baridi inaua kuliko hewa, na kwamba kila nyumba jirani inalala na jiko. Nikaaga. Usiku ule nilimwona Eliya kwenye ndoto na sitaki kuandika nilivyomwona.

Leo mchana, nikiwa mbele ya kikaango, wazo likanijia. Nikaosha mikono nikampigia mara ya tatu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri: "Mzazi mwenzangu, nisamehe, jana nilikuficha. Si manesi. Kwetu kuna mwiko. Mtoto wa kwanza wa binti mkubwa halali chumba kimoja na moto mpaka siku atakapotamka neno moto kwa kinywa chake mwenyewe."

Akaguna. Nikaona haujamkaa vizuri, nikaongeza kwamba mwiko huo ukivunjwa hauendi kwa mtoto peke yake, unamrudia na yule aliyelibeba jiko.

"Haa!" akasema. "Sasa mbona hukusema mapema? Mimi miiko ya watu siichezei kabisa. Jiko halitaingia humo, hata mkaa wa kupigia pasi."

Kwa hiyo mwiko upo, mwanangu, una umri wa nusu siku, na mzee wa ukoo aliyeutunga ananuka mafuta ya vitumbua. Akikuuliza, usicheke. Kunja uso kidogo, sema ni mambo ya wazee. Najua wewe ni mwalimu, unapenda watu waelezwe mpaka waelewe, na labda siku moja utamweleza mama yule taratibu, mkishazoeana, na atakuelewa. Lakini mtoto analala huko kesho kutwa. Mimi nilihitaji neno litakalofanya kazi usiku wa kwanza.

Mwiko utamzuia yeye. Wewe sijui kitakachokuzuia, maana baridi ya Njombe itakubembeleza. Nimekununulia blanketi Gongoni. Nilichagua moja nzuri, mzee mwenye duka aliposikia Njombe akaninyang'anya, akasema, "Hilo la Tabora, mama, la maua tu. Chukua hili." Ni zito kama gunia la mchele na rangi yake mbaya, lakini lina joto. Mlaze mtoto kifuani kwako ndani ya hilo. Ukiota moto na wakwe zako, uote huko jikoni, mlango wazi, muongee, mchome mahindi, maana sitaki uwe mtu wa kukimbia moto wa watu. Ukienda kulala uuache huko huko. Kuna siku utachoka, utasema liingie kidogo tu, nalitoa sasa hivi. Siku hiyo nakuomba unikumbuke nimeshika kitasa.

Limebaki moja, na hili ndilo gumu zaidi kwangu. Sijakwambia kwamba kesho nami napanda basi lile. Nitakusindikiza mpaka Puge. Bibi yako anajua mnapita, amemwomba kondakta kupitia kwa mjomba wako basi lisimame kidogo amwone kitukuu chake. Atakuwa kituoni tangu alfajiri, amejifunga kanga yake ya kanisani. Macho yameisha lakini mikono bado, atampapasa Eliya usoni, atamshika miguu kuona kama ina joto. Kisha atakuita mama kwa lugha yetu, namjua, akuulize: "Mayu, unamwotesha?"

Mwambie ndiyo.

Najua umekuwa mkweli kwangu miezi hii, hata pale nilipotamani unidanganye, na sasa nakushukuru kwa hilo. Lakini bibi yako ni mzee sana. Kila mwaka, kipupwe kikianza, huwa anakwenda kulipalilia kaburi la Mihayo mwenyewe, kwa kupapasa, na akirudi ananishika mkono na kuniambia, "Hukujua, mayu. Ulikuwa mtoto." Amenisamehe miaka yote hiyo kwa kosa ambalo sikulifanya, na kusamehe kwenyewe kumempa kitu cha kunipenda nacho. Siwezi kumnyang'anya hilo nikampa kosa la kwake. Nimeligeuza kila upande na siwezi. Acha mlango ubaki wangu. Nimeuzoea.

Akikupa jiko dogo ulibebe, nasikia amelinunua mnadani kwa ajili ya mtoto, lipokee kwa mikono miwili, umpigie goti.

Ninyi mtaendelea na safari, mimi nitabaki. Nitalala kwake, chumba kile cha ndani, maana ndicho anacholala yeye siku hizi, na mjomba wako anasema kila jioni bado anajiwashia jiko na kujifungia nalo kwa sababu mifupa inamuuma. Nyumba imezeeka, plasta imepasuka, labda nyufa hizo ndizo zilizomweka hai. Kesho jioni atalileta jiko, limekolea vizuri, halina moshi, atakalia kitanda na kuninyooshea mkono nisogee nipate joto. Nitasogea. Akianza kusinzia nitaamka na kufungua mlango, atasikia upepo, na ataniita jina langu kwa sauti ile, kama aliyenikuta tena kizingitini. Nitamwambia nasikia joto, mama, nivumilie. Na sitaufunga.

Mama yako